Majaribio ya Bunduki Zilizobadilishwa na Wajibu wa Dola

Sheria za silaha katika nchi nyingi za ulimwengu zimemwelekea mtu kuliko kitu. Huuliza ni nani anayeomba kumiliki bunduki, umri wake miaka mingapi, akili yake ni timamu au la, amepata kuhukumiwa kwa kosa gani, na ataihifadhi wapi; na maswali hayo yakisha kujibiwa na cheti kikatolewa, bunduki yenyewe, ambayo kesho yaweza kuingia katika mikono ya fundi ikakatwa, ikachongwa, ikatobolewa, ikatiwa kifyatuo chepesi au kasiba mpya, aghalabu haiulizwi neno. Suala ninalokusudia kulichambua ni hilo lililoachwa: je, yafaa serikali ilazimishe kwamba bunduki iliyobadilishwa na fundi ipitishwe kwanza katika majaribio ya usalama kabla ya kutumiwa au kuuzwa? Jawabu langu ni kwamba yafaa, tena kwa amri ya sheria wala si kwa hiari ya mafundi. Lakini nitajaribu kuonyesha kwamba hata dola zilizotangulia katika jambo hili zimeweka uzito wa sheria zao mahali ambapo hatari humwangukia zaidi mwenye silaha, zikapaacha wazi mahali ambapo humwangukia jirani yake asiye na habari.

Mabadiliko ya bunduki ni ya namna nyingi, na hayana uzito mmoja. Mwindaji hubadilisha kitako ili kimkae vyema begani, na mlenga shabaha huweka darubini. Haya hayana la kujaribiwa, na sheria itakayoyagusa itakuwa imejisumbua bure. Lakini yuko pia anayepanua chumba cha risasi ili kiingie risasi kubwa kuliko ile aliyoikusudia mtengenezaji. Yuko anayekwangua ndani ya mtutu wa zamani ili kuondoa vishimo vya kutu, na kwa kufanya hivyo akaupunguza unene wake. Yuko anayekata hesi mdomoni mwa kasiba ili afunge kiwambo cha kuzuia sauti. Na yuko anayelainisha meno ya mtambo ili kifyatuo kiitikie kwa mguso mdogo wa kidole. Matendo matatu ya mwanzo hugusa uwezo wa chuma kustahimili shindo la baruti, na la nne hugusa utii wa silaha kwa huyo aliyeishika.

Yapasa kwanza nitenge jambo moja ambalo mara nyingi huchanganywa na hili. Mwezi Oktoba 2017, katika mji wa Las Vegas, mtu mmoja aliumiminia risasi umati uliokuwa ukisikiliza muziki kwa bunduki alizozitia vitako maalumu vinavyoifanya silaha ya kupiga risasi mojamoja ipige kwa mfululizo karibu na wa bombomu, akaua makumi ya watu. Serikali ya Marekani ikavipiga marufuku vitako hivyo, na mwezi Juni 2024 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaitangua marufuku hiyo. Huo ni mjadala mzito, ila haumo katika mlango wa majaribio ya usalama, kwa sababu silaha zile zilifanya sawasawa na alivyotaka mtumiaji. Majaribio hayawezi kuitambua nia ya mtu; huipima silaha inayomwasi mwenyewe, ikapasuka alipotaka ipige, au ikapiga alipotaka inyamaze. Anayetaka kuzuia mauaji ya makusudi na atafute sheria nyingine, wala asiitwike hii mzigo usio wake, kisha akailaumu kwa kushindwa kuubeba.

Fikra ya kuijaribu bunduki kwa amri ya dola ni kongwe kuliko dola nyingi za leo. Mwaka 1637 Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliwapa waunda bunduki wa London hati ya ushirika, na pamoja nayo mamlaka ya kukagua na kujaribu kila bunduki iliyotengenezwa au kuingizwa katika mji ule na maili kumi kuuzunguka. Na mwaka 1672 mtawala wa Liège, mji wa wahunzi mashuhuri katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, akaamuru kasiba zote zijaribiwe na kupigwa muhuri kabla ya kuuzwa. Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio mwaka 1813 kwa sheria ya Bunge, na linalostahili kuzingatiwa ni kwamba waliokwenda kuiomba sheria hiyo, tena kwa gharama yao, ni wafanyabiashara wa bunduki wenyewe. Waliona kwamba fundi mwaminifu hawezi kushindana kwa bei na fundi mwongo maadamu mnunuzi hana jicho la kupambanua kasiba nzima na kasiba iliyopasuka ndani ikazibwa kwa risasi iliyoyeyushwa na kupakwa rangi.

Historia hiyo inatuhusu sisi watu wa Afrika kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1760 mwanasiasa wa Kiingereza, Lord Shelburne, alipokwenda Birmingham na kuona maelfu ya bunduki zikitengenezwa kwa ajili ya pwani ya Guinea, bunduki ambazo nyingi zilikuwa thamani ya kununulia watumwa, aliandika kwa uchungu kwamba zaidi ya nusu yake, kwa jinsi zilivyomaliziwa, hazikosi kupasuka mikononi mwa mtu wa kwanza atakayezipiga. Karne moja na zaidi baadaye, biashara hiyo ilipokuwa imefika kilele katika upande wetu wa bara, balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukaja kuzuia silaha mpya zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, lakini ukaacha nafasi kwa zile bunduki za kizamani za gumegume, zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Wakubwa waliokaa Brussels walishughulika na nguvu ya silaha itakayomfikia Mwafrika, wasije wakapigwa nayo. Kama ingempasukia usoni yeye mwenyewe, hilo halikuwa katika hesabu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba majaribio ya bunduki ni anasa ya nchi tajiri: kihistoria, asiyejaribiwa bunduki yake alikuwa ndiye yule ambaye uhai wake haukuthaminiwa.

Jinsi majaribio yenyewe yafanyikavyo ni jambo la kuvutia, na kuijua sura yake kunasaidia kuhukumu faida yake. Bunduki inapofika katika nyumba ya majaribio hukaguliwa kwanza kwa macho na kwa vipimo: upana wa ndani ya mtutu, urefu wa chumba cha risasi, unene wa kuta, na nafasi iliyopo baina ya komeo na kitako cha ganda la risasi. Ikipita hapo hufungwa katika chumba chenye kuta nene, ikatiwa risasi iliyopakiwa makusudi ili itoe shindo linalozidi lile la juu kabisa la matumizi ya kawaida kwa asilimia 25 au 30 hivi, na fundi huifyatua akiwa nje, amekingwa. Bastola yenye silinda hupigwa katika kila tundu lake, kwa kuwa kila tundu ni chumba cha risasi kinachojitegemea. Kisha bunduki hupimwa upya kama mwanzo, na hapa ndipo penye siri ya kazi yote, kwa sababu chuma dhaifu si lazima kipasuke. Mara nyingi huvimba kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na kipimo cha pili kikitofautiana na cha kwanza bunduki imeanguka mtihani. Iliyofaulu hupigwa muhuri katika chuma chenyewe: taji juu ya herufi za BNP ni alama ya Birmingham, na taji juu ya herufi za GP zilizosukwa pamoja ni ya London. Tangu mwaka 1914 iko tume ya kimataifa ya majaribio hayo, iliyoanzishwa Liège, ambayo nchi zake zipatazo kumi na nne huheshimu kila moja muhuri wa mwenziwe. Falme za Kiarabu zimo katika tume hiyo. Katika nchi za Afrika ya Mashariki haimo hata moja.

Kwa silaha iliyobadilishwa, sheria ya Uingereza, ambayo msingi wake ni ya mwaka 1868, ina fikra moja nzuri sana: muhuri si wa milele. Kasiba ikisha kupunguzwa unene au nguvu kwa kiasi cha kutosha, ule muhuri uliomo juu yake huhesabiwa kuwa umekufa, na kuiuza bunduki hiyo kabla ya kujaribiwa upya ni jinai. Fundi aliyekata hesi za kiwambo mdomoni mwa kasiba hupaswa kuirudisha. Na bunduki ya mitutu miwili iliyochakaa, ambayo fundi ameikata mitutu yake inchi chache mbele ya chumba cha risasi na kuingiza mipya katika mashina ya zamani, hurudi nyumba ya majaribio kama mtoto aliyezaliwa upya, na sharti ichorwe neno la kumjulisha mnunuzi kwamba imevikwa mitutu mingine. Vivyo hivyo bunduki ya babu iliyojaribiwa kwa baruti nyeusi haiwi halali kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi mpaka ijaribiwe kwa hiyo. Hapa mzigo wa kujua umeondolewa kwa mnunuzi, ambaye hana namna ya kujua, ukawekwa kwa fundi na kwa dola, ambao wanayo.

Watu wa pwani na wa Bara Arabu hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasib, mtu wa serikali aliyetembea sokoni akikagua mizani, vibaba na ubora wa bidhaa, na msingi wa kazi yake ulikuwa ile kanuni mashuhuri ya mafakihi kwamba mtu asidhuru wala asidhuriwe. Hapana aliyesema kwamba mnunuzi wa unga aende sokoni na mizani yake.

Walakini, mtetezi wa majaribio akitaka kuaminiwa ni lazima akiri mipaka yake, na mfano ulio wazi kuliko yote umetoka katika karakana ya Springfield ya jeshi la Marekani. Bunduki zilizotengenezwa hapo kabla ya mwaka 1918, zenye namba za chini ya 800,000, zilikuwa na miili ambayo mingine ilikuwa myepesi kuvunjika kama kigae, kwa sababu wahunzi waliokuwa wakikitia chuma motoni walikadiria joto lake kwa jicho, kwa kuangalia rangi ya wekundu. Na siku ya jua kali chuma kilekile huonekana kuwa hakijaiva, hata mhunzi akakizidishia moto na kukiunguza. Wakaja kuletewa vipima joto, na ubaya huo ukaisha. Lakini bunduki zile za mwanzo zilikuwa zote zimepitia risasi ya majaribio, zikafaulu, zikapigwa muhuri. Kisha baadhi yake, baada ya miaka ya matumizi, ganda la risasi lilipopasuka na gesi ikarudi nyuma, zilivunjika vipande mikononi mwa askari. Julian Hatcher, afisa wa silaha wa jeshi hilo, aliyakusanya matukio hayo na kuyachapisha, na anayeyasoma ataona kwamba jaribio la shindo hujibu swali moja tu: je, chuma hiki kimestahimili leo? Halijibu jinsi kilivyopikwa.

Kisa cha pili kinaonyesha kinyume chake, nacho hunitisha zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mmarekani mmoja alikuwa na bunduki ya Kijapani aina ya Arisaka, ambayo mtutu wake ni wa milimita 6.5, akaipanua chumba chake kiingie risasi ya Kimarekani ya .30-06, ambayo kipenyo chake ni karibu milimita 7.8, pasipo kuugusa mtutu. Akaenda kuwinda nayo. Kila alipopiga, risasi nene ilisukumwa kwa nguvu katika tundu jembamba, ikafinyangwa na kurefuka humo ndani, na mtu huyo hakuona kasoro ila kwamba bunduki yake ilimpiga teke begani kupita kiasi, akaipeleka kwa wajuzi awaulize kwa nini. Mwili wa Arisaka, kama fundi P. O. Ackley alivyothibitisha kwa kuzilipua makusudi bunduki za kijeshi za mataifa mbalimbali, ulikuwa na nguvu za ajabu, na nguvu hizo ndizo zilizomwokoa. Asingekuwa na bahati ya aina ya chuma alichokiharibu, asingerudi kuuliza. Hoja ya wapinzani kwamba mwenye kubadilisha bunduki yake ataona mwenyewe kama imeharibika inaanguka hapo, maana mtu huyu aliyekuwa karibu na kifo kila alipovuta kifyatuo aliona mambo yanakwenda vizuri.

Marekani, nchi yenye bunduki nyingi kuliko zote mikononi mwa raia, haina sheria ya shirikisho inayolazimisha majaribio hayo. Watengenezaji wana chombo chao, kilichoundwa mwaka 1926, kinachoweka viwango vya shindo na vipimo, na makampuni makubwa huvifuata kwa hiari. Sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 1972, iliyoanzisha tume ya kulinda walaji, iliziacha silaha za moto nje ya mamlaka ya tume hiyo, kiasi kwamba bunduki ya kuchezea ya mtoto yaweza kuamriwa itolewe sokoni kwa kuwa ina kasoro, na ya kweli haiwezi. Jimbo la California likajaribu kuziba pengo hilo kwa sheria ya mwaka 1999: bastola tatu za kila muundo unaotaka kuuzwa hupelekwa katika maabara isiyo ya mtengenezaji, kila moja ikapigwa risasi 600, kisha zikaangushwa kutoka kimo cha mita moja juu ya bamba la saruji, kwa pande sita tafauti, zikiwa na ganda lenye fataki pasipo risasi, ili ionekane kama mtikisiko peke yake utaifyatua fataki. Ni jaribio la akili sana. Ila linaupima muundo kama ulivyotoka kiwandani, na bastola iliyonunuliwa leo ikiwa imefaulu, kesho ikapelekwa kwa fundi ikalainishwa mtambo, haina anayeiangusha tena.

Na hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo naliona kuwa moyo wa suala zima. Nyumba za majaribio za Ulaya zilizaliwa kwa sababu ya kasiba, katika zama ambapo kasiba ndiyo iliyokuwa ikiua wenyewe, na hata leo sheria zake za kurudia majaribio zimeifuata kasiba na mfungo wa nyuma yake. Mtambo hutazamwa siku bunduki inapoletwa kama unafanya kazi, lakini fundi akiuchezea baadaye bila kuigusa kasiba, muhuri haufi. Kasiba ikipasuka, anayeumia kwanza ni yule aliyeiweka shavuni. Kifyatuo kikikosa utii, anayeumia ni yule aliyekaa mbele ya mdomo wa bunduki, naye aghalabu ni mke, mtoto, mwenzi wa kuwinda, au mpita njia. Tukiuliza ni wapi dola ina haki kubwa zaidi ya kuingilia, hata mtu anayeushikilia uhuru wa nafsi kwa meno yote atakubali kwamba ni pale ambapo madhara yanavuka kutoka kwa mtendaji na kumwangukia asiyehusika. Kumbe ndipo hapo hapo sheria ilipokaa kimya. Wala kulainisha kifyatuo si jambo la nadra: ni katika mabadiliko yafanywayo mara nyingi sana, tena mezani nyumbani, kwa tupa ndogo na jiwe la kunolea, na kukwangua kidogo kupita kiasi kwenye jino moja la chuma kunatosha kuifanya bunduki ifyatuke kwa kuguswa komeo la usalama.

Anayedhani kwamba hofu hii ni ya kubuni na akumbuke bunduki ya Remington Model 700, silaha mashuhuri ya wawindaji wa Marekani tangu mwaka 1962, ambayo kwa miaka mingi wamiliki walilalamika kwamba baadhi yake hufyatuka pasipo kuvutwa, na ambayo mwaka 2014 kampuni yake, bila kukiri kosa, iliingia katika mapatano ya kesi yaliyoahidi kubadilisha vifyatuo vyake bila malipo kwa mamilioni ya bunduki. Katika mabishano yale marefu ilikuwa vigumu mara nyingi kupambanua kifyatuo kilichotoka kiwandani na ubovu na kile kilichorekebishwa na mwenyewe au kusahauliwa katika kutu na mafuta makavu. Kama kungekuwako daftari la majaribio baada ya kila marekebisho, ugomvi huo ungekuwa na shahidi, na shahidi huyo angemfaa mtengenezaji kadiri ambavyo angemfaa aliyefiwa.

Hoja za wapinzani ninazipa heshima zake, lakini si zote kwa kipimo kimoja. Wanaosema kwamba risasi ya majaribio, kwa kuwa inazidi shindo la kawaida, yaweza kuanzisha ufa uliokuwa haupo, wamesema kweli kwa chuma kilicho dhaifu tayari. Na bunduki ambayo haiwezi kuvumilia ziada ya robo yapasa igunduliwe hapo, mbali na uso wa mtu. Wanaosema kwamba muhuri huleta ghururi, mtu akadhani silaha yake imekuwa salama milele, nao wana haki, na dawa yake ni ile ya Waingereza ya muhuri unaokufa. Wanaohofia kwamba orodha ya bunduki zilizojaribiwa itageuka orodha ya kuwanyang'anya watu silaha zao wanaleta neno la siasa ya Marekani, ambalo katika nchi ambazo kila bunduki ya halali imekwisha kuandikwa polisi halina uzito wowote. Hoja iliyo nzito kweli ni ya gharama na umbali: kwamba mtu akitakiwa kusafiri siku mbili na kulipa ada kubwa, ataacha kupeleka bunduki yake kwa fundi mwenye leseni, atakwenda kwa mhunzi wa uchochoroni, na sheria iliyokusudiwa kupunguza hatari itakuwa imeihamisha kutoka mahali penye mwanga kuipeleka penye giza. Serikali itakayotunga sheria hii bila kujibu hoja hiyo itajuta.

Ulaya imelipanua wazo hili kwa upande mwingine ambao wachache huutia hesabuni. Baadhi ya silaha zilizotumiwa katika shambulio la duka la vyakula mjini Paris, mwezi Januari 2015, zilikuwa zimeuzwa nchini Slovakia kama silaha zilizouliwa, kisha zikafufuliwa. Mwezi Desemba mwaka uleule Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni kwamba silaha inayogeuzwa kuwa pambo isitoshe kufanywa hivyo na fundi. Sharti mamlaka iliyoteuliwa na dola ihakikishe kwamba haiwezi kupiga tena, iipige alama na kuitolea hati. Nchini Uingereza waliopewa kazi hiyo ni zile zile nyumba za majaribio za London na Birmingham. Taasisi iliyoanza kwa kuthibitisha kwamba bunduki ni hai na ina nguvu imekuja kuthibitisha kwamba imekufa, na kwa kazi zote mbili elimu ni moja: kujua fundi alichokifanya ndani ya chuma, wala si alichokisema.

Katika Afrika ya Mashariki suala hili lina sura mbili ambazo ni kosa kubwa kuzichanganya. Ya kwanza ni ya silaha za kienyeji. Wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Kenya ya miaka ya 1950 walitengeneza bunduki kwa bomba la maji, gogo la mti lililochongwa kitako, na komeo la mlango lililovutwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la gari ili ligonge fataki. Nyingi ziliwaumiza wenyewe kabla ya kumwumiza adui. Magobore yanayosalimishwa hata leo nchini Tanzania, katika mikoa iliyo kando ya mbuga za wanyama kama Katavi, ni ndugu wa silaha hizo: bomba, mbao, msumari, na baruti iliyosagwa nyumbani ikasindiliwa kwa mti. Kuzipeleka hizi katika nyumba ya majaribio ni upuuzi, maana hazina kipimo cha kulinganishwa nacho, na kuzipiga muhuri kungekuwa kuzihalalisha. Kwa hizo lililo bora ni lile linalofanywa tayari, la msamaha kwa anayesalimisha na kuzichoma moto.

Sura ya pili ni ya silaha za halali, nayo imesahauliwa. Askari wa makampuni ya ulinzi husimama milangoni mwa mabenki na maduka yetu akiwa ameshika bunduki ya marisau ambayo imepita mikononi mwa walinzi wengi kwa miaka, kitako kikiwa kimeungwa kwa waya na gundi, na raia hupanga foleni mbele yake. Wako walinzi wa wanyamapori, wako wawindaji wenye vibali, wako wakulima wanaofukuza ngedere na nguruwe. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyozifunga nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, imeelekezwa katika alama, daftari, ulinzi wa maghala na uharibifu wa silaha haramu, na kwa kazi hiyo kituo chake cha kikanda kilichopo Nairobi kimezigawia nchi wanachama mashine za kuchonga alama katika chuma. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo imekaza masharti ya umiliki. Yote hayo ni mema, na yote yanajibu swali la bunduki hii ni ya nani.

Kuongeza swali la pili hakutaki kujengwa Birmingham nyingine. Jaribio la shindo, ambalo lahitaji risasi maalumu na vipimo vya kitaalamu, lingeweza kufanywa mahali pamoja kwa ajili ya jumuiya nzima, na lihusu kasiba na vyumba vilivyoguswa tu, ambavyo si vingi. Jaribio la mtambo, ambalo ndilo linalomkinga jirani, ni jepesi kuliko yote: mzani wa kamani wa kupima uzito wa kifyatuo, bamba la saruji, fimbo ya mita moja, na maganda machache yenye fataki pasipo risasi, kazi iwezayo kufanywa na fundi wa ghala la silaha la polisi katika makao makuu ya mkoa, siku ileile ambayo mwenye bunduki analazimika kufika hapo kuhuisha kibali chake, na mashine ya kuchonga alama ya ushindi au ya kukataliwa inaweza kuwa ileile iliyokwisha kutumika kuchonga namba.